Ukarabati wa springi na shokapu za gari la zamani

Ukarabati wa springi na shokapu ni kazi ya kukagua na kubadilisha sehemu zilizochoka katika mfumo unaounganisha bodi ya gari na magurudumu yake. Mfumo huo una springi (pia: kamani), shokapu (pia: shokamzoba), mikono ya chuma, bushi za mpira na viungo vya duara ambavyo mafundi huviita boljointi. Una kazi mbili: kuwakinga abiria na mizigo dhidi ya mitikisiko ya barabara, na kuhakikisha kwamba matairi yanagusa barabara wakati wote.

Kazi ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa usalama. Breki na usukani hufanya kazi kupitia sehemu ndogo tu ya kila tairi, yenye ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima, inayogusa barabara. Tairi likiruka, hata kwa muda mfupi sana, haliwezi kusimamisha gari wala kuligeuza. Kwa sababu hiyo gari lenye breki mpya na matairi mapya bado linaweza kuwa la hatari kama shokapu zake zimekufa.

Magari mengi yanayotumika Afrika Mashariki huingizwa kutoka Japani yakiwa tayari yametumika kwa miaka kadhaa. Mfano mmojawapo ni Toyota Corolla ya toleo la E110, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na linalojulikana mitaani kwa jina la "110". Gari la umri huo linaweza kuwa na injini nzima, lakini mipira ya chini yake huwa imekauka na kupasuka, kwa kuwa mpira huzeeka kwa miaka hata kama gari halikusafiri sana.

## Historia

Mikokoteni ya kale ilikuwa na ekseli zilizofungwa moja kwa moja kwenye bodi. Baadaye magari ya farasi ya Ulaya yaliwekewa springi za majani, yaani vipande vya chuma vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine. Magari ya kwanza ya injini yaliirithi springi hiyo, na hadi leo inatumika katika malori na pikapu nyingi kwa sababu inabeba uzito mkubwa na ni rahisi kuitengeneza.

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni inayoeleza tabia ya springi: kadiri inavyokandamizwa ndivyo inavyosukuma, na nguvu hiyo inalingana na umbali wa kukandamizwa.

Katika miaka ya 1940 mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson alibuni mfumo ambamo springi ya kuzunguka na shokapu huunganishwa kuwa mguu mmoja uliosimama juu ya gurudumu. Mfumo huo ulitumiwa na kampuni ya Ford katika gari la Consul, lililooneshwa London mwaka 1950. Kwa kuwa una vipande vichache na hauchukui nafasi kubwa, ulienea katika magari madogo duniani kote. Toyota Corolla ya toleo la E110 inautumia mbele, na katika saluni nyingi za toleo hilo hata nyuma.

## Sehemu za mfumo

* Springi hubeba uzito wa gari. Ndiyo inayoamua gari litasimama kwa kimo gani.
* Shokapu haibebi uzito. Ni silinda yenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Springi inapocheza, mafuta hulazimishwa kupita kwenye matundu hayo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Shokapu nyingi huwekewa pia gesi ya naitrojeni ili mafuta yasitoe povu.
* Maunti ni mpira wa juu unaoufunga mguu wa shokapu kwenye bodi. Kwa magurudumu ya mbele huwa na beringi inayouruhusu mguu kuzunguka usukani unapokatwa.
* Mkono wa chini hushika gurudumu lisiende mbele, nyuma wala pembeni. Upande mmoja umefungwa kwenye gari kwa bushi, na upande wa pili umefungwa kwenye gurudumu kwa boljointi.
* Bushi ni bomba la mpira lililobanwa kati ya bomba mbili za chuma, moja nje na moja ndani. Huruhusu mkono kupanda na kushuka bila chuma kusagana na chuma.
* Boljointi ni kiungo cha mpira wa chuma ndani ya kikombe, kama nyonga ya binadamu. Hufunikwa na kifuko cha mpira chenye grisi.
* Tairodi ni fito zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu.
* Stabilaiza ni fito ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli moja ili gari lisilale sana kwenye kona. Hushikwa na bushi zake na viunganishi vidogo pembeni, vinavyoitwa linki.
* Kizuizi ni mpira mdogo ulio juu ya shokapu, unaozuia chuma kugongana springi inapofika mwisho wa safari yake.

## Jinsi springi na shokapu zinavyofanya kazi pamoja

Kanuni ya Hooke huandikwa F = kx, ambapo F ni nguvu, k ni ugumu wa springi na x ni umbali iliyokandamizwa. Tuseme gurudumu moja la mbele linabeba kilo 300, na ugumu wa springi ni niutoni 20,000 kwa kila mita. Uzito wa kilo 300 ni niutoni 2,940 hivi, kwa hiyo springi itajikunja kwa 2,940 ÷ 20,000, yaani takriban mita 0.15 au sentimita 15.

Gari hilo likipita kwenye tuta na kuachwa lijitikise lenyewe, litapanda na kushuka kwa idadi maalumu ya mara kwa sekunde. Idadi hiyo hupatikana kwa kugawa k kwa uzani, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kugawa kwa 2π. Kwa mfano huu: 20,000 ÷ 300 ni 66.7, kipeuo chake cha pili ni 8.2, na 8.2 ÷ 6.28 ni 1.3. Gari litapanda na kushuka mara 1.3 kwa sekunde. Magari mengi ya abiria hutengenezwa kuwa kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde, kwa kuwa mwendo huo hauuchoshi mwili wa binadamu.

Springi peke yake haijui kuacha kucheza. Shokapu nzima huimaliza nguvu hiyo baada ya mpando mmoja tu hivi. Shokapu iliyokufa huiacha bodi iendelee kunesa. Ikinesa mara tano kabla ya kutulia, zitapita karibu sekunde nne. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari husafiri mita 22 kila sekunde, hivyo litakuwa limekwenda zaidi ya mita 80 huku uzito juu ya matairi ukipungua na kuongezeka. Nguvu ya msuguano kati ya tairi na barabara hutegemea uzito ulio juu ya tairi. Pale uzito unapopungua, breki nazo hupungua uwezo.

Gurudumu lenyewe pia hucheza, tena kwa kasi kubwa zaidi, yaani takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Hilo huonekana katika barabara za vumbi zenye mikunjo mikunjo (rasta). Katika barabara hizo shokapu hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto kali, na mafuta yake huwa mepesi. Dereva huhisi gari likiteleza kwenye kona kana kwamba linapita juu ya kokoto. Kupunguza mwendo na kusimama mara kwa mara huziruhusu shokapu zipoe.

## Dalili za kuchoka

Sehemu hizi huchoka polepole, na dereva huzoea bila kutambua. Dalili zifuatazo husaidia kujua ni sehemu gani imekwisha:

* Bodi kunesa: kona moja ya gari ikikandamizwa kwa nguvu kisha kuachiwa, inapaswa kurudi juu na kutulia. Ikiendelea kupanda na kushuka, shokapu imekufa. Hata hivyo, shokapu inaweza kufaulu kipimo hiki na bado ikawa dhaifu gari likiwa kwenye mwendo.
* Mafuta kwenye shokapu: ukungu mwepesi wa mafuta karibu na fito si tatizo kubwa. Mafuta yanayotiririka na kushika vumbi yanaonesha kwamba sili imepasuka.
* Mlio wa "kok" kwenye mashimo madogo: mara nyingi ni linki za stabilaiza au boljointi.
* Mlio wakati wa kukata usukani gari likiwa limesimama: mara nyingi ni beringi ya maunti. Wakati mwingine springi husikika ikiruka mahali pake.
* Gari kuvuta upande au kutikisika wakati wa kushika breki: huenda bushi za mkono wa chini zimepasuka, ingawa breki zenyewe zikaguliwe pia.
* Gari kusimama chini upande mmoja: springi imelegea au imevunjika. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa ya chumvi huozesha chuma, na springi hukatika hasa kwenye mzunguko wa chini unaotunza maji na matope.

Matairi pia hutoa ushahidi. Tairi lenye mabonde mabonde kuzunguka uso wake huashiria shokapu dhaifu au gurudumu lisilo na balansi. Tairi linaloliwa ukingo wa ndani au wa nje huashiria kwamba pembe za gurudumu zimeharibika. Tairi ambalo uso wake ni laini ukipapasa kuelekea upande mmoja na lina makali ukipapasa kinyume, linaburutwa kwa sababu magurudumu hayatazami mbele sawasawa.

## Ukaguzi

Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu yanayobaki chini huwekewa kigingi, na gari huinuliwa kwa jeki kisha kukalishwa juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililokalishwa juu ya matofali, kwani tofali hupasuka ghafla bila kuonya.

Gurudumu likiwa hewani, hushikwa juu na chini na kutikiswa. Mchezo ukionekana, mtu wa pili hukanyaga breki huku gurudumu likitikiswa tena. Mchezo ukipotea, tatizo huenda ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi au maunti. Kisha gurudumu hushikwa kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo hutokana mara nyingi na tairodi. Bushi hukaguliwa kwa kutia mtaimbo kati ya mkono na bodi na kusukuma taratibu. Nyufa ndogo za juu juu si kitu, bali mpira uliojitenga na chuma hauna budi kubadilishwa.

Boljointi ndiyo sehemu isiyostahili kusubiri. Ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna tena uwezo juu yake. Kifuko cha mpira kilichopasuka ni onyo la mapema, kwa kuwa mchanga na maji vikiingia, grisi husombwa na chuma huanza kusagika.

## Kuchagua vipuri

Fedha zikiwa hazitoshi kubadilisha kila kitu, utaratibu unaofaa ni kuanza na sehemu zinazoshika gurudumu: boljointi na tairodi. Zinafuata bushi za mikono, kisha shokapu pamoja na maunti, kisha springi, na mwishoni linki na bushi za stabilaiza. Kubadilisha shokapu na kuacha boljointi iliyokwisha ni kununua starehe kabla ya usalama.

Shokapu na springi hubadilishwa kwa jozi, yaani kushoto na kulia kwa ekseli moja. Upande mmoja ukiwa mpya na mwingine mchovu, gari huitika tofauti kila upande linaposhika breki au kukata kona. Vizuizi vya mpira na vifuniko vya vumbi huwekwa vipya pamoja na shokapu, kwa kuwa mchanga ndio unaokwaruza fito na kuua sili.

Vipuri hupatikana katika maeneo kama Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Vipo vipya vya kampuni iliyotengeneza gari, vipya vya kampuni nyingine, vilivyotumika, na pia vya bandia. Mnunuzi hulinganisha namba ya kipuri na ile ya gari, hutazama ubora wa chapa na uchomeleaji, na huenda dukani na kipuri cha zamani. Springi iliyotumika inaweza kufaa kama haijalegea wala kupata kutu. Bushi na boljointi zilizotumika hazifai, kwa kuwa umri wake hauonekani kwa macho.

Njia tatu za mkato hujulikana sana:

* Kupachika mipira katikati ya springi ili gari linyanyuke. Mipira hiyo huzuia baadhi ya mizunguko isifanye kazi. Ugumu wa springi huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua. Springi ya mizunguko sita ikibaki na mitano inayofanya kazi, huwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi. Gari hupanda juu, lakini hugonga zaidi, na springi huweza kukatika pale mpira unapoishia.
* Kutoboa shokapu na kuijaza mafuta upya. Sili iliyopasuka hubaki ileile, gesi hupotea, na mafuta yasiyofaa hubadilisha nguvu ya shokapu. Nafuu yake huwa ya muda mfupi.
* Kukata springi ili gari lishuke. Springi iliyokatwa hukosa makalio yake sahihi na inaweza kuchomoka gurudumu linaponing'inia.

## Hatua za kubadilisha

Utaratibu ufuatao ni wa mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, kama ulivyo katika Toyota Corolla. Nati zenye kutu hupuliziwa mafuta ya kulainisha siku moja kabla.

1. Gurudumu hufunguliwa. Bomba la breki na linki ya stabilaiza huachanishwa na mguu. Kaliba ya breki ikifunguliwa hutundikwa kwa waya, isining'inie kwa bomba lake.
2. Bolti mbili zinazofunga mguu kwenye kitovu cha gurudumu huwekewa alama kabla ya kufunguliwa, ili pembe ya gurudumu isipotee sana.
3. Nati za juu, zilizo chini ya boneti, hufunguliwa na mguu mzima hutolewa. Nati ya katikati haiguswi katika hatua hii.
4. Springi hubanwa kwa vibanio viwili vya pande zinazoelekeana, vikikazwa kwa zamu. Ndipo nati ya katikati hufunguliwa.
5. Springi, maunti na kizuizi huhamishiwa kwenye shokapu mpya au huwekwa vipya. Ncha ya springi hukaa kwenye kingo yake.
6. Nati ya katikati hukazwa kikamilifu, kisha vibanio hulegezwa polepole na mguu hurudishwa kwenye gari.

Hatua ya nne ndiyo ya hatari zaidi. Springi ya mfano wa juu ikibanwa kwa sentimita 20, inasukuma kwa niutoni 4,000, sawa na uzito wa kilo 400 hivi. Ikifyatuka huweza kuvunja mfupa au kuua. Kubana springi kwa kamba, nyaya au minyororo ya kubahatisha hakufai kabisa. Asiye na vibanio vizuri hupeleka mguu mzima kwa fundi mwenye mashine.

Boljointi na tairodi hufungwa kwa nati ya ngome na splitipini mpya. Nati isipolingana na tundu la pini, huongezwa kukazwa kidogo hadi ilingane, hairudishwi nyuma. Bolti zote hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

### Kukaza bushi

Kosa la kawaida katika ukarabati huu ni kukaza bushi wakati gari limeinuliwa. Bushi nyingi haziteremki juu ya bolti yake: bomba la ndani hubanwa imara, la nje hushikwa na mkono, na mpira ulio katikati hujipinda mkono unapopanda na kushuka. Gari likiwa hewani, mikono huning'inia chini. Bolti ikikazwa katika hali hiyo, gari linaposhushwa mpira hupindwa na kubaki umepindwa siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo huupinda zaidi, na bushi mpya huchanika baada ya miezi michache. Mwenye gari hulaumu kipuri, kumbe kosa ni la ufungaji.

Njia sahihi ni kuziacha bolti za bushi zikiwa zimeshikizwa tu, kulishusha gari likalie magurudumu yake, kulinesesha mara kadhaa, kisha kukaza. Kama hakuna nafasi ya kuingiza spana, gurudumu huinuliwa kwa jeki chini ya mkono hadi lifike kimo chake cha kawaida, gari likiwa bado juu ya stendi.

## Baada ya ukarabati

Kila mara mguu, mkono au tairodi inapofunguliwa, pembe za magurudumu hubadilika, hivyo gari hupelekwa kupimwa alaimenti. Upepo wa matairi husawazishwa kwanza, la sivyo vipimo hudanganya. Vinavyopimwa ni namna magurudumu yanavyotazama mbele, yanavyolalia ndani au nje, na namna mguu ulivyoegemea nyuma. Kupima alaimenti kabla ya kubadilisha bushi na boljointi zilizokwisha ni kazi bure, kwa sababu gurudumu lenye mchezo halikai pale lilipowekwa.

Gari hujaribiwa kwanza kwa mwendo mdogo, mahali pasipo na watu wengi, breki zikiwa zimekanyagwa mara kadhaa kabla ya kuondoka. Baada ya siku chache za safari, nati na bolti zote zilizoguswa hukaguliwa tena, na kimo cha gari hupimwa kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Vipimo vya kushoto na kulia vya ekseli moja vikilingana, na matairi yakiendelea kulika sawasawa, kazi imefanyika vizuri.

Uhai wa sehemu mpya hutegemea pia matumizi. Kuzidisha mzigo huifanya springi ijikunje hadi kwenye kizuizi, na kupita matuta kwa kasi hupiga bushi na maunti kuliko safari ndefu ya barabara nzuri. Matone ya mafuta ya injini au ya usukani hulainisha mpira wa bushi na kuuozesha, kwa hiyo uvujaji wowote huzibwa kabla ya bushi mpya kufungwa.